Kisigino cha Shahidi

Siku Bwana Shamba wetu alipopita kijijini amevaa kiatu cha ngozi mguu wa kushoto na katambuga ya tairi mguu wa kulia, watu walidhani ni agizo kutoka wilayani. Msicheke. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa maagizo yalikuja mfululizo: leo chimbeni vyoo, kesho pandeni mihogo, keshokutwa kila nyumba iwe na kichanja cha vyombo. Na aliyetuletea mengi ya maagizo hayo ni huyohuyo Bwana Shamba, mtumishi wa kilimo, ambaye alikuwa amepanga chumba nyumbani kwa mama yangu. Basi kesho yake wanaume wawili wakatokea kwenye shamba la kijiji wamevaa vivyo hivyo, kiatu huku, katambuga kule. Mmoja kiatu chenyewe alikiazima kwa shemeji yake. Bwana Shamba akawatazama, akatoa penseli sikioni, akawauliza kwa upole kabisa, "Kumbe na nyie visigino vinawauma?"

Hakuwa anatania. Huyo bwana alikuwa hajui kutania, na ndiyo maana alituchekesha kwa miaka yote aliyokaa kwetu upande wa Handeni.

Alivaa kaptula ya kaki na soksi ndefu zilizofika magotini, hata jua likiwaka namna gani. Kiunoni alifunga kamba yenye mafundo, ya kupimia nafasi kati ya shimo na shimo, na kamba hiyo haikupumzika. Alipima mlango wetu. Alipima umbali kutoka jikoni hadi bafuni, akamshauri mama asogeze mafiga. Aliwahi kumpima mbuzi wetu, mbuzi akala fundo moja, na wiki ile kijiji kizima kilipanda mahindi yamebanana. Chai aliinywa bila sukari halafu akalamba sukari baadaye, kijiko kimoja, kikavu. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba vikichanganywa huwezi kujua kipi kimekufurahisha.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa mama, nafundisha kisomo cha watu wazima jioni. Watu walijitahidi sana kutuozesha mimi na yeye kwa midomo yao. Lakini yeye alikuwa na mke Dindira, kule milimani, aliyempenda na kumwandikia barua kila juma. Na mimi nilikuwa nimeshiba ndoa mpaka hapa. Aliniita Mwalimu, nikamwita Bwana Shamba, yakaishia hapo.

Neno lake kubwa lilikuwa shahidi. Alipotaka kutuonyesha mbolea au mbegu mpya, alikata shamba vipande viwili. Kipande kimoja alikitia dawa yake, cha pili alikiacha kama kilivyo. Hicho cha pili ndicho alichokiita shahidi. "Huyu hatumgusi," alisema akinyoosha kidole kwenye mahindi yaliyokonda, kwa heshima utadhani anatutambulisha kwa mkwewe. "Huyu ndiye atakayetuambia ukweli."

Tabu ni kwamba hakuliacha neno hilo shambani. Ukimwambia kuku wako wamepona kwa pilipili, anauliza, "Na shahidi je? Kuna kuku uliyemnyima?" Jirani yetu alipotamba kwamba hirizi ya safari imemfikisha Tanga salama, Bwana Shamba akataka kujua ni wangapi ndani ya basi lile hawakuwa na hirizi, na wao walifika wapi. Jirani hakumsalimia mwezi mzima. Wakati huohuo bwana huyu, akisikia bundi, anaingia ndani na kufunga mlango. Nilimkamata siku moja. "Na shahidi je, Bwana Shamba?" Akanijibu kutoka ndani, "Mwalimu, nani atakubali kuwa kipande cha bundi?"

Neno hilo ndilo lililomponza. Alikuja mkubwa mmoja wa kilimo, mtu wa tumbo na miwani, akasimama mkutanoni na kutangaza kwamba pamba ya mbegu mpya imezaa maradufu. Watu wakapiga makofi. Bwana Shamba, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na sisi sote, akanyanyua mkono na kuuliza, "Samahani, mzee. Na shahidi je?" Makofi yakakatika. Mkubwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Lakini wakati wa kuondoka alimwona Bwana Shamba akichechemea kumsindikiza kwenye gari, na hapo akapata pa kushika.

"Unaumwa?"

"Visigino tu, mzee."

"Mtumishi wa kilimo asiyeweza kutembea ana kazi gani? Nakupa mpaka vuli. Mvua ikianza na bado unachechemea, utakwenda kukaa stoo ya mbegu Korogwe, uhesabu magunia."

Kwa mwingine hiyo ingekuwa bahati. Kiti, kivuli, mji, treni inapita karibu. Kwa Bwana Shamba ilikuwa sawa na kufungwa. Baiskeli ya serikali alikuwa nayo, lakini aliikokota tu, kwa sababu alisema juu ya kiti cha baiskeli huwezi kuona kiwavi. Alizoea kutembea vijiji vinne kwa juma, na kila shamba alilijua kama mtu anavyojua watoto wake. Siku ile alirudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi, akavua soksi, akaitazama miguu yake kwa huzuni ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. "Mama," alimwambia mama yangu, "wataniweka kwenye kiti."

Aliyewahi kuumwa visigino anajua. Ubaya wake ni asubuhi. Mchana unasahau mpaka ukae kitako kisha uinuke, lakini hatua za kwanza ukitoka kitandani ni kama umekanyaga msumari. Ukuta wa chumba chake ulikuwa wa udongo, tulisikia yote. "Aah. Aah. Aah." Kisha zinapungua, kisha kimya. Mama alikuwa akipepeta mchele uani huku anahesabu hizo aah. "Leo kumi na tisa," ananinong'oneza. "Jana kumi na saba. Anazidi, masikini."

Ndipo Bwana Shamba alipoamua kufanya utafiti. Alinunua daftari jipya, akaandika juu yake TIBA BORA YA KISIGINO, akapiga mstari katikati ya kila ukurasa: kulia, kushoto. Visigino vyake viliuma vyote viwili, tena sawasawa, na hilo lilimfurahisha kuliko lilivyomsikitisha. "Mwalimu, unaona bahati hii? Udongo mmoja, mvua moja, mkulima mmoja!" Kisigino cha kulia kingetibiwa. Cha kushoto kingekuwa shahidi.

"Wewe bwana una wazimu," nilimwambia.

"Huyu hatumgusi," akajibu, akikionyesha kisigino cha kushoto.

Akaanza kuuliza watu. Mganga wa zahanati alimpa vidonge na kumwambia apumzike. Vidonge alivikataa kwa sababu, alisema, kidonge hakijui kulia na kushoto. Kupumzika hakukuweka hata kwenye daftari. Mama wa mwenye duka moja la Wahindi kule Korogwe alimwambia aloweke mguu kwenye maji ya moto ya chumvi na manjano, akaloweka mguu mmoja siku kumi na nne, ukawa wa njano mpaka kifundoni. Mzee mmoja Mmasai alimwambia ajipake mafuta ya kondoo na avae katambuga, kwa sababu tairi inajua barabara kuliko ngozi ya ng'ombe. Hapo ndipo yalipotokea yale ya kiatu na katambuga. Mwingine wa Magoma alimwambia aviringishe chupa ya soda chini ya wayo. Hiyo alisema ina nafuu kidogo, akaipa alama ya vema na nusu. Kila dawa ilipewa majuma mawili, kulia tu, na kila asubuhi aliandika idadi ya hatua za maumivu, mguu huu na mguu huu. Na siku zilikuwa zinakwisha. Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Usambara, na aah zilikuwa zimefika ishirini na tano.

Mama yangu alikuwa na dawa yake, na kijiji chote kilijua. Watu wa visigino walikuwa wakija kwake tangu sijazaliwa. Alichukua jiwe bapa la mtoni, akalipasha motoni mpaka mkono uweze kulivumilia kwa shida, akalifunika majani ya mbarika, ukaweka kisigino juu yake na kukandamiza mpaka jiwe lipoe. Kila jioni. Hakuwa akidai kitu, mtu akimletea kuku alimpokea. Lakini Bwana Shamba alimweka wa mwisho kwenye orodha, na mama alisubiri zamu yake bila neno.

Zamu ilipofika, yalikuwa yamebaki majuma matatu tu, au hata pungufu. Mama akampashia jiwe. Bwana Shamba akaketi uani, akaweka mguu wa kulia juu ya majani, ule wa kushoto akauinua hewani na kutazama saa yake.

"Weka na huo mwingine, mwanangu," mama akasema.

"Huyu ni shahidi, mama."

"Shahidi atakupeleka Korogwe. Weka yote upone."

"Nikipona yote sitajua kilichoniponya."

"Na usipopona?"

Alifikiri. Kweli alifikiri, nilimwona. Kisha akasema, "Basi nitakuwa nimejua."

Mama akaingia jikoni, akavuruga vyungu visivyo na kosa. "Mtoto wa watu huyu," aliniambia, machozi yakimlengalenga kwa hasira. "Amekaa na sisi miaka yote hii. Mvua ikinyesha atachukuliwa, kwa ajili ya kisigino kimoja alichokinyima dawa kwa makusudi! Umewahi kuona mtu ananyima mguu wake mwenyewe?"

Sikuwahi. Lakini mama hakutaka jibu, alikuwa ameshaamua.

Bafu letu lilikuwa la nyasi, nyuma ya nyumba, na katikati palikuwa na jiwe pana la kusimamia ili usikanyage tope. Bwana Shamba alioga kila jioni saa kumi na mbili kasoro, bila kukosea. Kuanzia siku ile, saa kumi na moja mimi na mama tulilitoa lile jiwe, tukalizika kwenye makaa, na dakika chache kabla hajaingia tukalirudisha juu ya kipande cha bati, tunakimbia nalo tumeinama huku tunaungua vidole. Juu yake mama alitandika majani ya mbarika.

Jioni ya kwanza tulijibanza jikoni, tunasikiliza. Akaingia. Kimya. Kisha sauti: "Mama! Majani haya ya nini?"

"Usiteleze, mwanangu!"

"Jiwe lina joto!"

"Jua la mchana, mwanangu! Bafu linatazama magharibi!"

Kisha tukamsikia akiguna, ile ya mtu aliyepata raha asiyoitarajia. Kesho yake nilichungulia daftari lake, Mungu anisamehe. Alikuwa ameandika: Jiwe la bafuni hutunza joto la jua vizuri sana. Lifikiriwe kwa kukaushia mbegu.

Siku ya tano kulikuwa na mawingu tangu asubuhi, jua halikuonekana hata kidogo. Nilimwambia mama leo tuache, atatugundua. Mama akasema kisigino hakijui mawingu. Tukalipasha jiwe. Bwana Shamba akasimama juu yake chini ya mbingu nyeusi, yeye ambaye angeweza kuona kiwavi mmoja katika ekari tatu, akaita kwa furaha, "Jua la leo lilikuwa kali, mama!" Nilikimbilia nyuma ya banda la kuku ili nicheke vizuri.

Aah zikaanza kupungua. Ishirini. Kumi na nne. Tisa. Mama alihesabu uani na ungo wake, uso umetulia. Asubuhi moja tulisikia kitanda kikilia, kisha nyayo, kisha mlango, na Bwana Shamba akatokea na soksi mkononi, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye mtungi wa maji na kurudi. Hakuna aah hata moja.

"Mwanangu, umepona!"

"Nimepona, mama," akasema. Lakini alikuwa amekunja uso. "Nimepona miguu yote miwili."

Mkubwa mwenye miwani alikuja siku mbili baada ya mvua ya kwanza. Bwana Shamba akamchukua kumwonyesha mashamba. Walikwenda shamba la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne tulimwona mkubwa amekaa juu ya kichuguu, viatu vimejaa tope, anaomba maji. Ya stoo ya Korogwe hayakutajwa tena.

Ningependa niishie hapa. Lakini Bwana Shamba alikuwa ameahidi kijiji kwamba atasoma matokeo ya utafiti wake mkutanoni, na yeye akiahidi, ameahidi. Akasimama, daftari mkononi, watu wakiwa tayari kucheka. Akasoma dawa zote moja moja, akimshukuru kila aliyetoa. Akafika kwenye jiwe.

"Kisigino cha kulia, kilichowekwa kwenye jiwe la mama, kimepona kabisa," akasema. Wanawake wakapiga vigelegele. Akanyanyua mkono. "Kisigino cha kushoto, ambacho hakikutibiwa kwa chochote, kimepona siku ileile. Kwa hiyo jiwe halina faida. Kisigino hupona chenyewe kwa wakati wake. Mama anisamehe, lakini huu ndio ukweli."

Watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe tulikuwa tunachomwa bure!" Nikainuka niseme. Wallahi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama akanivuta kanga, nikakaa kwa kishindo. Kisha akamwambia Bwana Shamba, mbele ya wote, "Haya, mwanangu. Maadamu unatembea."

Njiani nilichemka. "Mama, umeaibishwa mbele ya kijiji! Mwambie!"

"Nikimwambia ataanza upya," mama akasema. "Hujamjua? Atasubiri visigino vimuume tena ili aanze upya."

Hilo lilikuwa kweli tupu.

Baada ya mkutano ule hakuna mtu aliyekuja tena kwa mama kutibiwa kisigino. Hata mmoja. Bwana Shamba alikuwa ametusomesha vizuri, watu waliamini daftari. Jiwe la mtoni likawa la kusagia chumvi. Mama hakulalamika, ila niliwahi kumwona mara moja amesimama nalo mkononi, analigeuza, kisha akalirudisha pale kwenye chumvi. Iliniuma, na ilinikasirisha. Na Bwana Shamba aliendelea kumwita mama, kumletea matunda ya pea kutoka Dindira kila mwisho wa mwezi, na kutembea vijiji vyake vinne, mpaka alipohamishwa.

Mama alifariki miaka michache baadaye. Mimi nilihamia Korogwe mjini, na mwaka ule wa foleni za sukari, baada ya kusimama sana kwenye sakafu za saruji, visigino vyangu navyo vikaanza. Vyote viwili. Siku moja nilikwenda Kwamndolwa kutoa pole kwenye msiba, na wakati wa kurudi nikasikia mtu ananiita kutoka uani kwake.

"Mwalimu! Unakanyaga kwa vidole. Visigino?"

Alikuwa amestaafu. Milima ya Dindira ilikuwa imemshinda magoti, ndiyo maana alishuka kujenga bondeni. Mvi kichwa kizima, lakini soksi zilezile, mpaka magotini. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bwana Shamba," akanivutia kigoda kwa furaha, na kabla sijapewa maji alikuwa ameshatoa lile daftari ndani, limefungwa kwa uzi.

"Usihangaike na madawa," akasema. "Nimewaambia watu wengi sana. Nilifanya utafiti kamili nyumbani kwenu. Jiwe la marehemu mama yako, Mungu amrehemu, halikuwa na faida. Shahidi alipona vilevile."

Sijui ni msiba niliotoka, sijui ni maumivu. Nilimwambia yote. Bati, makaa, majani, mimi na mama tumeinama tunakimbia.

Alinisikiliza bila kuninyanyulia macho. Kisha akavaa miwani, akafungua daftari, akatafuta ukurasa.

"Joto kiasi gani?"

"Mkono ulivumilia kwa shida."

"Siku ngapi?"

"Zote."

"Hata ile ya mawingu?"

"Hata ile."

"Niliandika jua," akasema taratibu. "Nimeandika hapa. Jua." Nikadhani amekasirika. Alipoongea tena sauti ilikuwa nyingine. "Mama alinisikia mkutanoni nikisema vile. Akanyamaza."

"Alinyamaza."

"Jioni ile nilirudi nikaoga. Alinichemshia maji."

"Ndiyo."

"Na jiwe?"

"Na jiwe," nikasema. "Alisema usije ukaumwa tena."

Bwana Shamba akavua miwani. Akachukua penseli sikioni, akafuta mstari mmoja kwenye daftari, akafuta tena, akaendelea kufuta mpaka karatasi ikachanika. Kisha akamwita mkewe aliyekuwa jikoni, akamwambia atafute mawe bapa mawili, ayaweke kwenye makaa. Yeye mwenyewe akainuka, magoti yakilia, akaenda kwenye uzio na kurudi na majani ya mbarika kibao. Akapiga magoti mbele yangu, mzee mzima, akaanza kunifungua kamba za viatu.

Nikataka kumchokoza ili nisilie. "Na shahidi je, Bwana Shamba?"

"Weka yote miwili, Mwalimu," akasema. "Weka yote miwili."